Kumlea kijana shoga: mipaka, siri na afya ya ngono

Elimu ya afya ya ngono shuleni, pale inapotolewa, huwa imepangwa kumzunguka mume na mke: hedhi, mimba, uzazi wa mpango, basi. Kijana wa kiume anayevutiwa na wanaume anaweza kukaa darasani kipindi kizima asisikie sentensi hata moja inayomhusu. Anachokikosa hapo hukitafuta kwingine, na huko kwingine mara nyingi ni video za ngono, programu za simu za kutafutia wapenzi, na marafiki ambao nao walisikia kwa marafiki. Ndiyo maana unaweza kukuta kijana msomi kabisa anayeamini kwamba kondomu ni ya kuzuia mimba, na pasipo mimba haina kazi.

Pengo hilo halizibwi na kipeperushi peke yake. Taarifa zipo tele. Shida ni kwamba taarifa nyingi za afya ya ngono zina muda wake. Dawa ya kuzuia VVU baada ya kujiweka hatarini ina mwisho wa saa 72. Kipimo kinachofanywa mapema mno huonyesha hakuna kitu wakati kipo. Chanjo hufaa zaidi kabla ya mtu kuanza ngono. Kijana asiye na wa kumuuliza hupitwa na saa hizo akiwa bado anawaza amwambie nani. Kazi ya mlezi ni kuwa huyo wa kuambiwa, na hakuna anayemwambia mambo hayo mtu asiyemwamini. Kwa hiyo tutaanza na mipaka, dawa zitafuata.

Mlezi ni nani, na si nani

Mlezi ni mtu mzima aliyemtangulia kijana kwa umri na uzoefu, mara nyingi naye ni shoga ingawa si lazima, aliyekubali kukutana na kijana mmoja kwa utaratibu unaojulikana: tuseme saa moja kila baada ya wiki mbili, kwa miezi sita hadi mwaka. Si daktari, si mzazi, si mfadhili, na kamwe si mpenzi. Hilo la mwisho lisemwe waziwazi siku ya kwanza, mbele ya mratibu wa programu ya ulezi, na liandikwe. Linabaki marufuku hata kama kijana ana miaka 22 na ni yeye aliyeanza. Kijana ambaye amejieleza kwa mtu mmoja tu maishani mwake hana uhuru wa kumkatalia mtu huyo, kwa kuwa akimpoteza amepoteza sikio pekee alilokuwa nalo.

Programu nyingi huharibikia hapa, na huanza kwa mambo madogo. Mlezi anatuma ujumbe saa sita usiku. Anamnunulia kijana simu. Anamlaza kwake "kwa leo tu" kwa sababu amefukuzwa nyumbani. Kila hatua ukiitazama peke yake ni huruma tupu. Ukizipanga pamoja unaona njia inakoelekea. Dawa yake ni kanuni ambazo mtu wa tatu anaweza kuzikagua. Mikutano ifanyike mahali ambapo watu wanaweza kuwaona bila kuwasikia. Pesa na zawadi zipitie kwa mratibu. Mawasiliano yawe kwa namba moja inayojulikana na ofisi. Mlezi naye awe na msimamizi anayeketi naye angalau mara moja kwa mwezi. Kijana akifukuzwa nyumbani, anayemtafutia pa kulala ni programu, si mlezi. Na kama programu haina mpango wa makazi ya dharura, basi iupate kabla ya kuandikisha kijana wa kwanza.

Kabla ya yote hayo, mlezi achujwe: wadhamini wawili wanaopigiwa simu kweli, taarifa ya polisi pale ambapo kuiomba hakumhatarishi mtu, na mahojiano ya ana kwa ana. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amejibu swali moja tayari.

Walio chini ya miaka 18 wana utaratibu wao, na usichanganywe na wa watu wazima. Hao hufundishwa kwa vikundi, pakiwa na watu wazima wawili waliopata mafunzo ya ulinzi wa mtoto, na kinachofundishwa hufuata umri: mwili na mabadiliko yake, haki ya kusema hapana, jinsi ya kumtambua mtu mzima anayemlaghai mtoto, wapi pa kukimbilia. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO kuhusu elimu ya jinsia, uliotolewa upya mwaka 2018, ulipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba elimu ya namna hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema wala kuongeza tabia hatarishi. Hofu hiyo ndiyo huzuia masomo haya mara nyingi, na haina msingi.

Siri ina mipaka, na mipaka itajwe mapema

Usimwambie kijana kwamba chochote atakachosema kitabaki kwako. Ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Mwambie hivi: "Ninachokisikia hapa sikitoi, isipokuwa ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtu anakuumiza, au kuna mtoto aliye hatarini. Hapo itabidi nimwambie mratibu, na nitakwambia wewe kwanza." Kijana akilijua hilo kabla hajafungua mdomo, anachagua mwenyewe la kusema na wakati wa kulisema. Akilijua baadaye, anaona amesalitiwa, na hatarudi.

Nchi zaidi ya 60 duniani bado zina sheria zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja, na hata pasipo sheria kuna familia, mwajiri na mwenye nyumba. Orodha ya majina kwa hiyo ni kitu cha hatari chenyewe. Fomu ziwe na namba badala ya majina, na karatasi inayounganisha namba na jina ikae mahali pengine kabisa, chini ya mtu mmoja. Hali ya VVU ya kijana isiandikwe kwenye ujumbe wa simu. Ujumbe ujifute wenyewe baada ya muda, na arifa zisionyeshe maneno kwenye kioo kilichofungwa, kwa sababu simu ya kijana husomwa na kaka yake, si na mdukuzi.

Kuhusu kujitangaza kwa wazazi, mlezi asisukume. Kabla kijana hajasema chochote nyumbani, awe na majibu ya maswali matatu: akifukuzwa usiku huo atalala wapi, nani atalipa ada, na nani katika ukoo anaweza kumtetea. Kama majibu hayapo, kunyamaza si woga wala uongo. Ila akianza kuambiwa kwamba ni mgonjwa wa kutibiwa, mlezi awe na ukweli mkononi: chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa ya akili mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata Mei 17, 1990. "Tiba" za kumbadilisha mtu hazimbadilishi, na zinaumiza: humwachia sonona na mawazo ya kujiua. Ukiwa na wasiwasi kwamba kijana anawaza kujiua, muulize kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ni mara ya kwanza anapata nafasi ya kulitoa.

Kondomu na kilainishi

Ukuta wa njia ya haja kubwa ni mwembamba, hauna unyevu wa kujilainishia, na umejaa chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa Marekani, anayepokea bila kinga yoyote kutoka kwa mwenzi mwenye VVU asiyetumia dawa huambukizwa takriban mara 138 katika matendo 10,000. Anayeingiza, mara 11. Tofauti hiyo ndiyo sababu kilainishi si anasa. Kondomu bila kilainishi hukauka, hukauka ikapasuka, na ngozi nayo huchanika.

Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni. Mafuta ya aina yoyote, yawe ya kupaka, ya kupikia au ya mgando, hudhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache. Inapasuka bila mtu kujua kwa nini. Mate hukauka upesi, na yanaweza kubeba kisonono kilichojificha kooni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata vilainishi vya maji havifanani. Vyenye gliserini nyingi huvuta maji kutoka kwenye chembe za ukuta na kuuacha umechubuka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilishauri wanunuzi wa jumla wachague vyenye osmolaliti (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake) isiyozidi 1,200, na ikiwezekana chini ya 380. Namba hizo haziandikwi dukani, lakini anayeagiza kwa ajili ya programu ana haki ya kumwuliza mtengenezaji. Viepukwe pia vilainishi vya kutia ganzi, kwa kuwa maumivu ni onyo, na vyenye noneksinoli-9, dawa ya kuua mbegu inayochubua ukuta huo.

Kuhusu kondomu yenyewe, makosa ni yaleyale: kukaa miezi kwenye pochi, kufunguliwa kwa meno, kuvaliwa mbili kwa pamoja, kutobanwa hewa kwenye ncha, kutoshikwa shinani wakati wa kutoka. Mlezi asiishie kuyataja. Somo la kondomu bila mfano wa kuvalishia ni nusu ya somo.

Ndani ya saa 72

Ukipasuka mpira, au ukikosekana, kuna PEP: dawa za kumeza kila siku kwa siku 28, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

"Kaka, samahani kukusumbua. Kondomu ilipasuka jana usiku."

"Hujanisumbua, umefanya vizuri kunitafuta. Ilikuwa saa ngapi?"

"Kama saa tano."

"Sasa ni saa mbili usiku, zimepita saa 21. Muda upo, ila hatusubiri Jumatatu. Unaweza kufika hospitali usiku huu?"

"Nikiulizwa nilikuwa na nani?"

"Huna haja ya kutaja jina. Sema kondomu imepasuka, taja saa, na sema unaomba PEP."

Angalia ambacho hakikuulizwa: kwa nini, na nani, ulikuwa umelewa? Maswali hayo hula muda na humfanya kijana ajutie kupiga simu. Daktari atahitaji kujua saa, aina ya tendo, kama hali ya VVU ya mwenzi inajulikana, na dawa nyingine anazotumia kijana. Atapima VVU kwanza, maana aliyekwisha kuambukizwa anahitaji matibabu kamili na si PEP, kisha homa ya ini aina B na figo. Ikiwa ni kulazimishwa, PEP ni ileile, lakini mlezi au mratibu amsindikize, na kijana aamue mwenyewe kuhusu polisi baada ya kutibiwa.

Dozi huvunjika katikati kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kichefuchefu cha siku za mwanzo. Kumeza dawa na chakula, au wakati wa kulala, husaidia. Ya pili ni kopo lenyewe: linalia kama njuga na lina jina la dawa. Kijana amwombe mfamasia amfungashie dozi za wiki kwa namna isiyojitangaza. Kuna na kasoro ya tatu isiyoonekana. Michanganyiko mingi ya siku hizi ina dolutegravir, ambayo haipendani na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Dolutegravir imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vipimo hurudiwa wiki ya nne hadi ya sita, kisha wiki ya 12 tangu tukio. Na kama hatari itaendelea, siku ya 28 asiache dawa akasubiri: apimwe, aingie PrEP bila kuruka siku.

PrEP

PrEP ni dawa ya asiye na VVU anayetaka kubaki hivyo. Ya vidonge ilikubaliwa Marekani mwaka 2012, na imekuwa ikimezwa kimoja kwa siku. Kwa njia ya haja kubwa, kinga ya kila siku hukamilika kama siku saba baada ya kuanza. Mwanaume asiyefanya ngono mara kwa mara anaweza kutumia utaratibu wa 2+1+1: vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile viwili, na kimoja cha mwisho saa 48 baada ya vile viwili. Hesabu inaanzia kwenye vidonge, si kwenye tendo, na hapo ndipo vijana wengi hupotea. Ngono ikiendelea siku zinazofuata, anaendelea na kimoja kila siku mpaka siku mbili baada ya tendo la mwisho. Mwenye homa ya ini aina B sugu asitumie utaratibu huu, kwa kuwa dawa hizi hukandamiza pia virusi vya ini, na kuzianza na kuziacha kunaweza kukifufua kirusi kwa kishindo.

Zipo sindano. Cabotegravir huchomwa kila baada ya miezi miwili. Lenacapavir, iliyokubaliwa Marekani Juni 2025 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi uliofuata, huchomwa mara mbili kwa mwaka. Kwa kijana anayeishi chumba kimoja na ndugu zake, sindano huondoa tatizo la kopo kabisa.

Kosa baya kuliko yote ni kugawana vidonge na rafiki ambaye hajapimwa. Kama rafiki huyo ana VVU bila kujua, dawa mbili zilizo ndani ya kidonge cha PrEP hazitoshi kuvizima, na virusi hujifunza usugu. Kupima ni kabla ya kuanza na kila miezi mitatu. Na PrEP haigusi kaswende wala kisonono.

Hapa ndipo pa kuzungumzia wenzi wenye VVU, kwa sababu ujinga juu yao huwaumiza wote wawili. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia karibu jozi 800 za wapenzi wa kiume ambapo mmoja wao alikuwa na VVU na dawa zimevishusha visionekane kwenye kipimo. Walihesabiwa matendo yapata 76,000 bila kondomu. Maambukizi kutoka kwa mwenzi huyo yalikuwa sifuri. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na kupimwa kiwango cha virusi visionekane ni salama zaidi kuliko asiyejua hali yake, na hili kijana alisikie kabla hajapata majibu yake mwenyewe.

Kupima: wapi na lini

Kisonono na klamidia vya kooni na vya njia ya haja kubwa kwa kawaida havina dalili. Kipimo cha mkojo hakivioni. Kijana anaweza kupimwa mkojo, kuambiwa yuko salama, na kuondoka navyo. Kwa hiyo mfundishe sentensi moja aikariri: "Naomba kupimwa kisonono na klamidia kwenye mkojo, kooni na njia ya haja kubwa." Sentensi hiyo haimlazimu kujieleza zaidi, na kijiti cha kuchukulia sampuli anaweza kukitumia mwenyewe chooni, kwa usahihi uleule. Mlezi apige simu kliniki mapema kuuliza kama kipimo hicho kipo. Kijana akikodolewa macho na mhudumu mara moja tu, hatarudi mwaka mzima.

Kaswende huanza na kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, na huweza kutokea ndani ambako hakionekani. Kinapona chenyewe, kijana anasahau, kisha unakuja upele, mara nyingi hadi kwenye viganja na nyayo. Kipimo ni cha damu na tiba ya hatua za mwanzo ni sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4.

Kwa VVU, kipimo cha maabara cha kizazi cha nne, kinachotafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi chenyewe, hukamata maambukizi kati ya siku 18 na 45. Kile cha haraka cha tone la damu ya kidole, kinachotafuta kingamwili tu, siku 23 hadi 90. Kijana anayepima siku ya tano na kufurahia majibu amepima maisha yake ya miezi iliyopita, si usiku wa wiki iliyopita.

Chanjo za kufuatilia ni homa ya ini aina A na B, HPV (virusi vya papiloma, vinavyoenezwa kwa ngono) na, pale inapopatikana kwa walio hatarini, mpox (homa ya nyani). HPV hupewa kipaumbele kwa wasichana katika nchi nyingi, na wavulana wanaovutiwa na wanaume hubaki nje ingawa virusi hivyo husababisha saratani ya njia ya haja kubwa na ya koo. Kuna pia doksisaiklini, miligramu 200 ndani ya saa 72 baada ya ngono, ambayo hupunguza sana kaswende na klamidia, na kisonono kwa kiasi kidogo zaidi. Mamlaka za afya za Marekani zilitoa mwongozo wake mwaka 2024. Hiyo iandikwe na daktari. Kijana anayejinunulia antibayotiki kila Jumapili anajitafutia shida nyingine.

Kufunga ulezi

Uhusiano huu una tarehe ya mwisho, na mwezi wa mwisho una kazi yake. Kijana aende kliniki peke yake angalau mara moja, mlezi akiwa kwenye simu tu. Awe na namba mbili za dharura zisizo za mlezi. Wakipitia rekodi pamoja, mara nyingi watakuta kitu kimeachwa katikati, na kwa kawaida ni dozi ya tatu ya homa ya ini aina B, inayochomwa miezi sita baada ya ya kwanza. Tarehe yake iingizwe kwenye kalenda ya simu ya kijana palepale, kwa jina lisilomtia mashakani, kisha karatasi inayounganisha namba yake na jina lake ichanwe.